Aliyezama Katika Mto Mkavu

Katika Jamhuri ya Shwari watu hawauawi. Hufa tu, basi. Huteleza bafuni, huanguka kutoka kwenye ghorofa za nyumba zisizo na ghorofa, hupigwa na radi katikati ya kiangazi. Na polisi wao, ambao ni watu wa huruma sana, huwahi msibani, mara nyingine wakamtangulia hata marehemu. Ndiyo maana nchi hiyo husifiwa kila mwaka kwa utulivu wake. Anayeisifu ni Mlezi wa Taifa mwenyewe, na yeye anaijua kuliko wageni.

Basi ilikuwa ajabu, ajabu na utovu wa adabu, kwamba katika mji mdogo wa Kwasemba alitokea mwanamke akadai kuwa ndugu yake ameuawa.

Mwanamke huyo aliitwa Sihaba. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mtu wa kifua na sauti, aliyezoea kuwanyamazisha watoto wa madarasa yote kwa kugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Marehemu alikuwa mdogo wake, Nasibu, fundi baiskeli. Mama yao, Bi Mboni, alimzaa Nasibu uzeeni, maziwa yakamkatika, na Sihaba ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha uji, akamfunza kutembea kwa kumshikisha ncha ya kanga. Kwa hiyo aliposema "mdogo wangu", watu wa Kwasemba walisikia "mwanangu".

Kosa la Nasibu lilikuwa la mdomo.

Kwasemba ni mji wenye kiu. Mto wake, Mbwego, una jina, una daraja, una hata kibao cha kutahadharisha watu juu ya mamba, ila maji hauna, na watoto wa shule ya Sihaba hawajapata kuyaona. Wanawake huchimba mashimo kwenye mchanga wake na kukinga kwa kata maji yanayochuruzika kidogokidogo kama machozi ya mnafiki. Mwaka mmoja kabla ya mkasa huu, Waziri wa Maji na Matumaini alikuja kuzindua kisima. Utepe ukakatwa, pampu ikanguruma, maji yakaruka, picha zikapigwa, akina mama wakapiga vigelegele. Kisha pampu ikafunguliwa nati zake, ikapakiwa kwenye lori, ikaenda kuzindua kisima cha mji unaofuata.

Waziri aliporudi kuomba kura, alimaliza hotuba yake kwa kuuliza kama kuna mwenye swali. Hiyo ni heshima tu, kama mtu anayekula anavyomwambia mpita njia "karibu". Nasibu hakulijua hilo, au alilijua vizuri. Alisimama, mikono imejaa grisi, akasema:

"Mheshimiwa, ile pampu uliyotuzindulia, inarudi lini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Waziri naye akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa leso. "Kijana mchangamfu huyu!" alisema. "Unaitwa nani?"

Nasibu akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, wazi na kwa sauti, kama alivyofunzwa nyumbani. Sihaba, aliyekuwa upande wa akina mama, alikuwa akisimulia baadaye kwamba swali lenyewe halikumtisha. Kilichomkata maini ni jinsi kicheko cha watu kilivyokatika pale jina lilipotajwa, kama redio iliyoishiwa betri.

*

Siku chache zilipita. Nasibu alitoka kwenda kumzibia mteja pancha ya gurudumu, hakurudi. Asubuhi yake wanawake waliokwenda kuchimba maji walimkuta katikati ya mto, amelala kifudifudi kwenye mchanga mkavu, mguu mmoja hauna kiatu.

Mkuu wa Kituo, Inspekta Lusewa, alifika na askari wake. Alimtazama marehemu kutoka ukingoni, hakushuka, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vimetoka kung'arishwa. Akavua kofia.

"Maskini," alisema. "Amezama."

Watu wakatazamana. Sihaba, aliyekuwa amepiga magoti mchangani na kichwa cha mdogo wake mapajani, akainua uso.

"Amezama wapi, afande?"

"Mtoni, mama. Si unaona mwenyewe alipo?"

"Mto huu hauna maji."

"Pole sana kwa msiba," alisema Inspekta kwa upole wa kweli. "Uchungu humfanya mtu aseme mengi. Mto ni mto. Hata wewe ukilala usingizi, hatusemi siyo mtu."

Uchunguzi ukawa umekwisha. Ulikuwa wa haraka kiasi cha kupigiwa mfano, na baadaye Inspekta alipata barua ya pongezi.

Hoza, mume wa Sihaba, alikuwa miongoni mwa wanaume waliomwosha maiti. Hoza alikuwa mwoga na hakuona haya kulikiri. Alizoea kusema kwamba woga ndio uliowafikisha baba zake kwenye mvi. Siku hiyo alitoka uani amekunja uso, akamshika mkewe mkono, akampeleka nyuma ya nyumba.

"Nitakwambia mara moja, halafu usiniulize tena," alisema. "Mikononi ana alama za kamba. Kisogo kimebonyea. Na kinywani, mke wangu, tumetoa mchanga. Mkavu. Mpaka tulipommwagia sisi maji ndipo ukalowa."

Sihaba hakulia. Aliingia ndani akamwambia mama yake, kwa sababu Bi Mboni ndiye mzazi na ni haki yake kujua. Bi Mboni akavuta ushungi, akasema:

"Sitaki mtu anyongwe. Kunyonga mtoto wa mwenzangu kutanirudishia nini? Lakini wasiseme mwanangu kazama. Waje hapa mkekani waseme walichofanya, nisikie kwa masikio yangu. Basi."

Hilo tu ndilo familia ile ilitaka. Ungedhani ni jambo dogo.

Matanga yalikuwa ya watu wachache. Majirani walipita mbali kidogo, wakainua mkono wa pole kutoka barabarani, kama watu wanaopita nyumba yenye mbwa mkali.

*

Mama na binti yake wakafunga safari hadi mji mkuu, kwenye Kurugenzi ya Vifo Vilivyokwisha Kuelezwa. Ni jengo zuri, la vioo. Ndani kuna mabenchi ya aina mbili: benchi la Waliopewa Pole na benchi la Wanaosubiri Pole. Walikaa la pili mpaka mchana, ndipo wakaitwa kwa Kamishna Ndimbwa, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, aliyewapa pole kila mmoja peke yake, kisha akawapa ya pamoja.

"Uchunguzi mpya ni haki ya kila mwananchi," alisema. "Katiba inasema, na mimi nilikuwepo ilipokuwa ikichapwa. Mnaweza kuomba mara moja, mara kumi, mara mia. Serikali haichoki."

Moyo wa Sihaba ukamruka. "Kwa hiyo mtamtafuta aliyemuua?"

Kamishna akakunja uso kama mtu aliyeng'ata kijiwe kwenye wali. "Mama, umenielewa nusu. Uchunguzi mpya ni haki yako. Jibu jipya siyo. Jibu lilishapatikana, sisi tutachunguza tu lilivyopatikana."

"Na atakayechunguza ni nani?"

"Inspekta Lusewa, bila shaka. Nani mwingine anaijua kesi hii kwa karibu kama yeye?"

Kisha Kamishna akafungua jalada, akasoma, na kwa mara ya kwanza akaonekana kufadhaika.

"Ila hapa pana dosari," alisema. "Dosari kubwa. Marehemu amezama, lakini mto mnasema mkavu. Sasa nani aliuacha mto wa Serikali katika hali hii?"

Sihaba akafungua mdomo. Bi Mboni akamfinya. Kamishna tayari alikuwa ameinua simu, anaongea na Wizara ya Maji na Matumaini.

"Mahali pa tukio panatakiwa kurudishwa katika hali ya tukio," alikuwa akisema. "Ndiyo. Maji. Leteni ya kumtosha mtu mzima."

*

Maboza ya maji yalifika Kwasemba asubuhi, msururu mrefu, yameandikwa ubavuni USHAHIDI. Askari walikuwa wamepanga magunia ya mchanga kuvuka mto, na maboza yakamwaga, yakamwaga, mpaka Mbwego ukapata bwawa la kukumbusha enzi zake za zamani. Kuna wazee waliotoa machozi. Kuna mtoto aliyeuliza ile ni nini.

Halafu mji ukafurika. Walikuja na ndoo, na madumu, na masufuria, na mabeseni ya kuogeshea watoto; mwingine alikuja na sanduku la nguo. Waliteremka ukingoni kama mchwa.

"Msichote!" Inspekta Lusewa alipaza sauti kwenye kipaza sauti. "Wananchi, msichote! Hayo siyo maji! Hicho ni kielelezo cha Serikali!"

Watu walikubali kwamba ni kielelezo, wakaendelea kukichota.

Katikati ya vurugu hizo uchunguzi ulifanyika. Askari mmoja kijana alivalishwa shati la bluu kama la Nasibu, akaamriwa azame. Alijitupa kifudifudi, akatulia, kisha akakohoa, akasimama. Maji yalimfika mapajani.

"Lala chini!" Inspekta alifoka. "Marehemu alikuwa mfupi!"

Askari akalala tena. Akasimama tena, akitema maji na kuomba radhi. Hapo ndipo Bi Mboni, aliyeketi ukingoni juu ya gunia, akainuka kwa kushikilia bega la Sihaba. Sauti yake haikuwa kubwa, ila waliokuwa karibu walisikia.

"Baba, mbona mwanangu hakuinuka kama huyu?"

Inspekta alikuwa akiangalia saa. Waliosikia wakainama kuchota. Na Sihaba akahisi vidole vya mama yake begani vikilegea, kimoja kimoja.

Jioni matokeo yakasomwa: imethibitika pasipo shaka kwamba Mto Mbwego una maji, na kwamba maji yanalowesha. Kwa hiyo marehemu alizama.

Bi Mboni hakuamka vizuri tena tangu siku ile. Alikuwa akimwona yule askari katika shati la bluu, anaingia, anasimama mlangoni, anatiririka maji, hasemi kitu. Hakumaliza mwezi. Cheti chake kiliandikwa kwamba ameuawa na uzee. Hiyo ndiyo mara pekee neno "ameuawa" limeonekana kwenye karatasi ya Serikali ya Shwari, na mwandishi wake alihamishwa.

*

Matanga ya Bi Mboni yalijaa. Sihaba alistaajabu. Majirani wale wale waliompungia mkono kutoka barabarani sasa waliingia mpaka jikoni. Walileta kuni, walileta unga, waliosha vyombo. Mjumbe wa mtaa, Mzee Kilua, alimshika mkono akautikisa kwa hisia.

"Usikate tamaa, mwanangu," alisema. "Haki haipatikani kwa pigo moja. Omba uchunguzi mwingine. Sisi wote tuko nyuma yako."

Machozi yakamlengalenga Sihaba. Alidhani mji umepata moyo.

"Na safari hii," Mzee Kilua akaongeza, akiinamia sikio lake, "waambie waje na yale maboza makubwa. Sisi wa bondeni hatukupata maji."

Sihaba akautoa mkono wake, taratibu, bila kumvunjia mzee heshima. Alitazama ua mzima, akawaona watu wakinywa chai ya msiba iliyopikwa kwa kielelezo, na akili yake ikamwambia kwamba hawa hawakuwa wabaya. Walikuwa na kiu tu. Lakini moyo wake ukakataa kumsikiliza.

Alikwenda kujificha jikoni. Huko alimkuta Bi Kidawa, jirani yao wa nyumba ya tatu, mjane anayelea wajukuu, ameinamia moto usiohitaji kuchochewa.

"Sihaba," alisema Bi Kidawa bila kugeuka, "mimi nilikuwapo."

"Wapi, Bi Kidawa?"

"Mtoni. Alfajiri ile. Nilikuwa nimeshuka kuchimba kabla ya wenzangu, shimo limenimeza mpaka mabegani. Nikasikia gari. Lile lao, la taa moja. Nikainamisha kichwa. Walimvuta kutoka nyuma ya gari kama gunia. Lusewa alikuwa amesimama anawamulikia kwa tochi, anawaambia wasivute upande huo, watajaza mchanga kwenye viatu."

Sihaba alikaa chini palepale kwenye jivu.

"Alikuwa hai?"

Bi Kidawa akachochea tena moto. Kisha akasema: "Aliita. Hakuita msaada. Alisema 'dada'. Mara moja tu."

Wakakaa hivyo, wanawake wawili, mpaka sufuria ikachemka ikamwagika. Bi Kidawa ndiye aliyesema mwenyewe, bila kuombwa: "Wakija tena, nitasimama niseme. Mama yako amenifedhehesha kwa lile swali lake. Nilikuwa pale, na ndoo yangu, nikainama."

*

Sihaba akaomba uchunguzi mwingine. Hoza alimsihi aache, akamkumbusha kwamba kuna magonjwa mengi ya ghafla nchini Shwari. Alipoona hasikii, akampigia pasi gauni la safari, akamsindikiza. Kamishna Ndimbwa alimpokea kama mteja wa zamani.

Maboza yakarudi. Safari hii mji ulikuwa umejiandaa: mitungi imepangwa foleni tangu jana yake, na kamati ya ugawaji, chini ya Mzee Kilua, imevaa vitambaa mkononi. Palikuwa na muuza mihogo. Askari kijana alilala ndani ya maji bila kusimama, kwani alikuwa ameshafundishwa.

"Kuna yeyote aliyeona jambo?" aliuliza Inspekta Lusewa, kama anavyouliza Waziri kama kuna swali.

"Mimi," alisema Bi Kidawa.

Sihaba aliona kitu ambacho hakukiona mapema: Mzee Kilua na wenzake wamemzunguka Bi Kidawa, karibu mno, na miguuni pake pamepangwa madumu mapya yanayong'aa, zaidi ya yale anayoweza kuyamiliki mjane.

"Sema, mama. Usiogope."

"Nilimwona Nasibu," alisema Bi Kidawa. "Alikuwa... alikuwa anaogelea."

"Anaogelea vipi?"

"Kama... kama chura."

Watu walicheka kidogo. Inspekta akamshukuru kwa uzalendo wake. Boza la mwisho likafungua bomba, na mji ukasahau kila kitu, ukakimbilia huko, na Bi Kidawa akabaki peke yake na madumu yake, anayatazama kama mtu asiyejua ni ya nini.

Sihaba hakumtukana. Hakugombana na mtu. Alipanda ukingo, akaenda nyumbani, akajifungia, akapiga ukuta kwa kiganja mpaka Hoza akaja kumshika mkono.

*

Tangu hapo hakuomba uchunguzi tena. Alirudi jikoni shuleni, akapika uji, akagonga mwiko. Mtu akimtajia Nasibu hujibu "amezama", kwa sauti isiyo na kitu ndani yake, na mtu huyo huondoka haraka.

Bwawa likanyweka, kisha likawa tope, kisha mchanga. Wanawake wakarudi kwenye mashimo yao. Maji ya mashimo yenyewe yakaanza kuwa machungu. Mtoto wa mtaa wa bondeni akafa kwa kuhara, na mwingine. Kituoni wakaandikwa kuwa wamekufa kwa utoto.

Ndipo siku moja mchana Sihaba akasikia miguu mingi uani kwake. Ulikuwa mji. Mzee Kilua yuko mbele, kofia mkononi.

"Mwanangu, tumekuja kukuomba," alisema. "Omba tena uchunguzi. Tunakufa."

"Sina la kuomba, mzee wangu. Nimeambiwa ndugu yangu alikuwa anaogelea."

Wengine wakainamisha macho. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akasema kwa ukali: "Da Sihaba, unatunyima maji kwa sababu ya mtu mmoja aliyekwisha kufa?"

Sihaba alimtazama mtoto yule. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alikuwa na umri wa Nasibu pale alipokuwa akimshikisha kanga. Hasira aliyokuwa ameiweka tayari ikamkimbia, akabaki na uchovu tu.

"Sikunyimi, mdogo wangu," alisema. "Lakini mimi nimemaliza mdomo. Nimeshauliza kwa niaba yangu na ya mama yangu. Maji mnayataka nyinyi. Kituo mnakijua. Nendeni mkaulize nani alimuua Nasibu. Wote, kwa mdomo wenu. Nitafuata nyuma."

Walinong'onezana. Woga ni kitu kizito, ila dumu tupu nalo ni zito. Mwishowe walikwenda.

*

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba katika Jamhuri ya Shwari, mchana kweupe, mji mzima ulisimama mbele ya kituo cha polisi na ndoo zake ukauliza kwa sauti moja: "Nani alimuua Nasibu?" Nia yao haikuwa safi. Walikuwa wakisema Nasibu na kumaanisha maji. Sihaba alilijua hilo, na bado, aliposikia jina la mdogo wake likitoka katika vinywa vingi namna ile, alimshika Hoza mkono.

Inspekta Lusewa alitoka kibarazani. Kwa mara ya kwanza uso wake ulipungukiwa upole. Alitazama umati, akapiga hesabu ya askari wake, akarudi ndani, akapiga simu, akatoka tena akitabasamu.

"Wananchi wenzangu! Serikali imesikia. Uchunguzi umefunguliwa. Maboza yako njiani. Nendeni mtoni mkapange foleni."

Swali likafa palepale. Ndoo zikagongana, watu wakakimbia, vumbi likapanda. Vumbi liliposhuka, uwanjani walikuwa wamebaki watu watatu: Sihaba, Hoza, na Bi Kidawa. Bi Kidawa alikuja na yale madumu mapya. Alikuwa ameyabeba yote, yamefungwa kamba moja. Akayatua.

"Nilidanganya," alimwambia Inspekta. "Hakuwa anaogelea. Ulikuwa wewe. Gari lenu la taa moja. Ulikuwa na tochi."

"Mama, jua kali hili—"

"Na uliwaambia wasivute upande huo. Ulisema viatu."

Inspekta Lusewa alitazama viatu vyake. Ilikuwa kwa muda mfupi sana, ila Sihaba aliona.

"Ingia ndani, mama," alisema. "Utupe maelezo vizuri. Ni haki yako."

Bi Kidawa akamgeukia Sihaba. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Sihaba akakaa chini. Alikaa pale pale uwanjani, kwenye jua, miguu ameinyoosha, anautazama mlango. Hoza alisimama, akaangalia barabara ya kwenda nyumbani, akaiangalia tena. Halafu yule mwoga akakaa kando ya mkewe.

Askari kijana akatoka. "Mama, huruhusiwi kukaa hapa. Unasubiri nini?"

"Namsubiri Bi Kidawa. Nimemwona akiingia kwa miguu yake. Nataka nimwone akitoka kwa miguu yake."

"Anatoa maelezo."

"Na atoe. Mimi sina haraka."

Askari akaingia, akatoka, akaingia tena. Ndani kulisikika kiti kikianguka. Sihaba akaanza kumwita kwa sauti yake ya jikoni, ile ya kunyamazisha madarasa: "Bi Kidawa! Tupo hapa!" Akanyamaza. Akaita tena.

Maboza yalifika, na kutoka mtoni kelele zikasikika. Mtu wa kwanza kurudi alikuwa yule mwanamke wa mtoto. Ndoo yake imejaa. Alipita barabarani, akaona, akasita. Alisikia Sihaba anaita. Akaja, akatua ndoo, akamchotea maji, kisha akakaa. Baada yake wakaja wengine wawili, halafu kundi. Wengi walipita moja kwa moja makwao, na mimi siwalaumu. Lakini waliokaa walitosha kuujaza uwanja. Mzee Kilua alifika mwishoni, akazunguka-zunguka akitafuta pa kukaa mbali na Sihaba.

Safari hii hakuna aliyeuliza lolote. Walikaa tu, wanatazama mlango. Na Inspekta Lusewa, aliyekuwa na jibu la kila swali, dirishani alionekana mara kwa mara akichungulia.

Jua lilipoanza kupunga, mlango ulifunguliwa. Bi Kidawa alitoka. Mtandio hakuwa nao, mdomo umevimba upande mmoja, mkono wa kushoto ameushikilia kwa wa kulia. Lakini alikuwa kwa miguu yake. Sihaba alimfuata, akamfunika kanga yake kichwani, wakaondoka wote pamoja, polepole, mwendo wa yule mwenye maumivu.

*

Kwenye majalada ya Shwari, Nasibu bado amezama. Inspekta Lusewa alipandishwa cheo, yuko kwenye lile jengo la vioo, anatoa pole. Hakuna aliyekuja kukaa kwenye mkeka wa Bi Mboni kusema alichofanya, na Sihaba amekwisha kuukunja. Bi Kidawa mkono wake haukunyooka, ila anasema sasa usiku analala usingizi.

Kitu kimoja tu kimeharibika Kwasemba, kwa masikitiko ya Serikali. Mtu akiitwa kituoni, hata kwa kesi ya kuku, haendi peke yake. Watu huacha kazi, wakaja, wakakaa uwanjani wakitazama mlango mpaka atoke.

Wakubwa waliona hatari. Sheria ndogo ikatungwa, na bango likasimikwa mbele ya kituo kwa herufi nyekundu: NI MARUFUKU KUKAA KITAKO KATIKA ENEO HILI.

Siku iliyofuata muuza mihogo aliitwa kutoa maelezo. Mji ukafika. Wakalisoma bango lote, wasiojua kusoma wakasomewa. Kisha, kwa kuwa wao ni raia watiifu, hakuna aliyekaa. Walisimama.